Karani wa Nyumba na Kopo la Tina

Nyumba nyingi za mjini zina karani wake. Hakuna anayemteua na hakuna anayemlipa. Ni yule mtoto aliyefika mbali kidogo shuleni, na kazi yake ni kusoma kila chenye maandishi kinachovuka kizingiti: karatasi ya dawa, ujumbe wa LUKU unaokataa kuingia kwenye mita, mkataba wa kikoba, maelekezo ya pasi mpya. Watu wazima waliozika na kuozesha, wanaokadiria mchele wa shughuli kwa jicho na usipungue, hunyamaza mtoto akisoma, kwa sababu maandishi ni ya Kiingereza na yeye ndiye anayekijua. Akisema dawa ni kutwa mara tatu, itanywewa mara tatu. Ni heshima kubwa kumpa mtoto. Ni mzigo pia, na wanaomtwika hawauoni.

Hapa kwetu Magomeni karani ni mtoto wa kaka yangu mkubwa, kijana wa kidato cha pili, na hilo Karani limeshakuwa jina lake. Hata watoto wa jirani wanamwita hivyo. Shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili, kama watoto wengi wa shule za serikali, kisha kidato cha kwanza kikampokea kwa Kiingereza: hesabu kwa Kiingereza, jiografia kwa Kiingereza, kemia kwa Kiingereza. Alihangaika mwaka mzima. Lakini ni mtoto wa kuandika. Ana daftari la maneno mapya, na kila neno ameliandika pamoja na maana yake na ndugu zake. Nalitaja daftari hilo mapema kwa sababu lilikuja kutolewa uani kama ushahidi.

Nyumba ni ya Kiswahili hasa: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu kila upande, na nyuma ua wenye jiko, bafu na kamba za nguo. Vyumba vya mbele tunakaa sisi, vya nyuma wapangaji. Mpangaji wa chumba cha mwisho, mlango unaotazama ua, ni msusi aliyetoka Bukavu, na kwa hiyo sote tunamwita Mama Bukavu. Anasukia chumbani kwake, mlango wazi, na mteja akikaa chini kwenye mkeka uso wake unaangalia uani. Wiki ninayoisimulia mlango huo ulikuwa wazi, alhamdulillahi.

Ilikuwa wiki ya harusi ya mdogo wetu wa mwisho. Mama alikuwa ameahidi kumpa kabati la vyombo, kabati la mninga ambalo yeye mwenyewe alikuja nalo nyumba hii akiwa mwali. Mbao zake ni nzima mpaka leo, ila vanishi ilikuwa imebabuka na kuwa nyeusi, na milango ikinata mkononi. Fundi seremala akaitwa. Alikwangua kidogo kwa msasa pale barazani, akatikisa kichwa, akasema vanishi ya zamani hiyo haitoki kwa msasa peke yake, lazima ilainishwe kwa tina. Akanunua kopo la lita nne, akaliweka chini ya kivuli, kisha akaenda Kariakoo kutafuta brashi na vitasa vya shaba. Alipokuwa anaondoka alisema, "Msilihamishe kabati, nitalimalizia hapahapa penye upepo." Maneno hayo niliyasikia mimi na mwali. Mdogo wangu wa kiume, ambaye watoto wanamwita Baba Mdogo na mimi nitamwita hivyo hivyo, alikuwa bafuni.

Mvua ikanyesha. Mvua za vuli hazibishi hodi. Baba Mdogo akatoka mbio, akaita vijana wawili, wakalibeba kabati kupitia korido mpaka uani, chini ya upenu. Na kwa kuwa yeye si mtu wa kukaa bure, akaona kuliko kumngoja fundi, bora aanze kulainisha mwenyewe. Fundi alikuwa ameonyesha: tambara, tina, futa, kwangua.

Upande wa pili wa upenu uleule alikuwa dada yetu mkubwa, Mama Mkubwa wa watoto wote wa nyumba hii, na jiko la mkaa na karai la mafuta, anakaanga maandazi ya wageni waliokuwa wametoka Kisarawe. Kutoka jiko mpaka kabati ni hatua chache. Kopo lilipofunguliwa harufu ikajaa ua mzima, ikaingia puani na kukaa.

Dada akaacha mwiko hewani. "Hiyo dawa inanuka hivyo, haishiki moto?"

Nataka aliyesoma mpaka hapa alikumbuke swali hilo. Mtu mzima, asiyejua neno moja la Kiingereza, aliuliza swali lililo sahihi, kwa wakati ulio sahihi. Baba Mdogo naye alijibu vizuri. Hakusema "achana nayo." Alisema, "Ngoja tusome," akamwita Karani.

Mtoto akaja na kalamu nyuma ya sikio. Akaligeuza kopo. Karatasi yake ilikuwa na maandishi mengi madogo, na juu yake, kwa herufi kubwa nyekundu, maneno mawili: HIGHLY INFLAMMABLE. Hakukurupuka. Alisimama akawaza, na akawaza kwa sauti, kama anavyofundishwa darasani aonyeshe njia. Kidato cha kwanza, kwenye kemia, walisoma alama za hatari za maabara: kitu chenye sumu, kitu kinachounguza ngozi, kitu kinacholipuka, na kitu kinachowaka, ambacho jina lake ni flammable na alama yake ni mwali wa moto. Hilo alilijua, alikuwa amelichora. Kwenye somo la Kiingereza walifundishwa kwamba in- ikija mwanzoni mwa neno hulikanusha: correct ni sahihi, incorrect si sahihi, visible huonekana, invisible haionekani, complete imekamilika, incomplete haijakamilika. Hilo pia alilijua, lilikuwa daftarini, orodha nzima. Basi flammable huwaka, inflammable haiwaki. Na highly ni neno la kutia mkazo.

"Haiwaki, Mama Mkubwa," akasema. "Tena wamesisitiza. Haiwaki kabisa."

Dada hakuridhika mara moja. "Sasa kama haiwaki, mbona wameandika kwa wekundu?"

"Ni sifa ya bidhaa," akajibu Karani. "Wanataka mnunuzi ajue ni salama."

Ndivyo onyo lilivyogeuka kuwa ruhusa, na kadiri watengenezaji walivyolikaza ndivyo ruhusa ilivyozidi. Lingekuwa limeandikwa bila ule mkazo, huenda Dada angeendelea kushuku. Baba Mdogo akamimina tina kwenye sufuria kuukuu, akachovya tambara, akaanza kazi. Dada akarudi kwenye maandazi yake.

Niseme kidogo kuhusu kile kilichokuwa kwenye sufuria, maana wengi wetu tunaijua tina kwa harufu tu. Tina ni mchanganyiko, na mara nyingi ndani yake mna tolueni au asetoni. Kinachowaka si maji yake bali mvuke unaopanda kutoka kwenye maji hayo. Mafuta ya taa tuliyoyazoea majumbani huhitaji joto la nyuzi 38 za Selsiasi au zaidi kabla mvuke wake haujatosha kushika moto. Ndiyo maana unaweza kuyamwaga kidogo sakafuni, ukafuta, na maisha yakaendelea. Tolueni inatosha ikiwa na nyuzi 4 tu. Asetoni hutosha hata ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Dar es Salaam hatuna siku ya baridi hiyo, hata alfajiri ya Julai. Na mvuke huo haupai ukaenda zake juu. Wa tolueni ni mzito kuliko hewa karibu mara tatu, kwa hiyo hushuka, hutandaa chini, hufuata mteremko wa sakafu ukitafuta mahali pa kukaa. Barazani upepo ungeuchukua. Uani, penye kuta pande zote na sakafu iliyoinama kuelekea mfereji ulio karibu na jiko, ulikuwa na njia moja tu ya kwenda.

Harufu ilimfikia Mama Bukavu akiwa nusu ya kichwa cha mteja. Akatoka na kitana mkononi, akaenda moja kwa moja kwenye kopo, akalisoma. Kwao masomo ni kwa Kifaransa, na neno alilolisoma ni neno la Kifaransa herufi kwa herufi. Akalitamka kwa mdomo wa huko, mwanzo wake ukipita puani na mwisho wake ukimezwa, kisha akapaza sauti, "Muzime ile moto! Hii iko inflammable! Itawaka!"

"Hapana, Mama," akasema Karani kwa adabu. "Inflammable maana yake haiwaki."

"Nani alikufundisha vile? Inflammable ni kitu ya kuwaka. Yenye haiwake tunasema ininflammable."

Karani akakimbia ndani, akarudi na daftari. Akafungua ukurasa. Akamsomea orodha yote, sahihi na isiyo sahihi, inayoonekana na isiyoonekana. Na Dada, mwenye jiko, ambaye dakika chache nyuma alikuwa ameuliza swali la busara, akamtetea mtoto wake kwa neno ambalo mpaka leo tunamkumbusha: "Mama Bukavu, wewe una Kifaransa chako. Hili kopo ni la Kiingereza."

Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa korido na sinia la vikombe. Niliwaona wote watatu, na nasema kwa dhati kwamba hakuna aliyekuwa anasema ujinga. Mmoja alijua neno. Mwingine alijua kanuni. Wa tatu alijua kwamba lugha mbili si lugha moja. Walibishana kwa heshima kabisa, na jiko likiwaka.

Moto haukuanzia kwenye kabati. Ulianzia chini ya jiko, samawati hafifu, mfinyu, ukatambaa sakafuni kuelekea kwenye sufuria kwa kasi ambayo jicho liliona lakini mdomo haukuwahi kusema. Ulipofika, ukasimama. Kimo cha mtoto, kisha kimo cha mtu. Baba Mdogo akaruka nyuma na tambara mkononi, na tambara nalo limeshika. Kijana mmoja akachota ndoo ya maji akaimwaga, na hapo ndipo mambo yalipozidi, kwa kuwa tina ni nyepesi kuliko maji: ikapanda juu yake, ikaelea, moto ukasafiri na maji mpaka kwenye mguu wa kabati. Mama Bukavu alikuwa ameshafika kwenye lundo la mchanga uliobaki tulipotengeneza mfereji. Akachota kwa mikono miwili, akatupa, akachota tena. Dada akanipokonya sinia, vikombe vikaenda chini, akaifunika nalo sufuria. Moto uliokosa hewa ukafa. Uliobaki sakafuni ukafa chini ya mchanga.

Mkono wa Baba Mdogo ulikuwa umebabuka kuanzia kiganja mpaka karibu na kiwiko. Jirani mmoja akaja na dawa ya meno, mwingine na asali. Nilizikataa zote mbili. Nikaushika mkono chini ya bomba, maji yakapita, yakapita, muda mrefu kuliko alivyotaka yeye, kama dakika 20, ndipo tukaufunika kwa kitambaa safi na kumpeleka zahanati. Kabati lilipoteza mlango mmoja na mguu mmoja. Hatukupoteza mtu. Jioni ile Mama aliwataja waliokufa Msamvu, Morogoro, lile lori la mafuta lililopinduka na kuwaka tarehe 10 Agosti 2019 na kuua watu zaidi ya 100, na alipowataja kila mtu aliinamisha kichwa, kwa sababu tulijua ni kitu kilekile, kwa kipimo cha sufuria.

Kisha zikaanza lawama, na hapa ndipo ninapokasirika kila nikikumbuka. Baba Mdogo aliporudi na bandeji yake alimgeukia mtoto: "Wewe tunakusomesha nini?" Wageni wa Kisarawe wakaguna. Mmoja akasema watoto wa siku hizi wanajua kushika simu tu. Karani hakujibu. Aliingia ndani, na chakula cha usiku hakula.

Nilimfuata. Alikuwa amekaa chini na Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili, ile ya TUKI ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, imefunguliwa kwenye I. Alikuwa amelipata neno. Limeandikwa wazi kwamba ni kitu cha kushika moto. Akafungua F, akalipata jingine. Maana ileile. Akaniuliza, na swali lake lilikuwa la mtu aliyedhulumiwa: "Shangazi, inawezekanaje neno na kinyume chake viwe kitu kimoja?"

Inawezekana kwa sababu si kinyume chake. Kiingereza kimerithi kutoka Kilatini in- mbili zilizofanana sura na kutofautiana asili. Moja ni ya kukanusha, na ndiyo iliyo kwenye incorrect na invisible. Nyingine ina maana ya "ndani" au "kuelekea ndani", na ndiyo iliyo kwenye inhale, kuvuta pumzi ndani. Kilatini kilikuwa na kitenzi inflammare, kutia moto, kutoka flamma, mwali. Kikazaa inflame, na inflammation ambayo madaktari huitumia kwa mahali palipovimba na kuwa pa moto mwilini, na inflammable, kinachoweza kutiwa moto. Neno hilo limo katika Kiingereza tangu karne ya 17. Flammable ndilo geni: lilianza kuonekana mwaka 1813, na kwa miaka mingi halikutumika sana. Hata umbo jingine la kiambishi hicho lina mtego uleule. Mtoto anajua import ni kuingiza bidhaa nchini na impossible ni haiwezekani, na im- ni moja kwa macho. Anazijua zote mbili kwa sababu alizikuta mbalimbali. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ni mbili.

Na wenye lugha yao wenyewe waliujua mtego huu zamani. Miaka ya 1920 chama cha Marekani cha kuzuia moto, National Fire Protection Association, kilianza kuhimiza neno flammable litumike badala ya inflammable, kwa hofu kwamba mtu angedhani ile in- inakanusha. Mwaka 1959 taasisi ya viwango ya Uingereza ilitangaza msimamo huohuo na kwa sababu hiyohiyo. Mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuweka lebo kwenye kemikali, uliotolewa 2003, unatumia flammable, na juu ya neno unaweka picha: mwali mweusi ndani ya mraba uliosimama kwa pembe wenye ukingo mwekundu, ili hata asiyesoma aelewe. Kwa hiyo alichokifikiri Karani chini ya upenu wa Magomeni ndicho hasa walichokihofia wazima moto wa Marekani karibu miaka 100 iliyopita, na walihofia kwa ajili ya watu waliozaliwa ndani ya Kiingereza. Kopo letu halikuwa na picha. Lilikuwa na neno lile la zamani, kwa wekundu, kwa lugha ambayo ndani ya nyumba yetu ilijulikana na mtoto mmoja.

Niliyasema haya asubuhi, mbele ya Baba Mdogo na mbele ya wageni, kwa sauti. Nilisema mtoto alitumia alichofundishwa na alikitumia kwa usahihi, na kwamba anayestahili kuulizwa ni anayeuza moto kwenye kopo nchi ya watu wanaozungumza Kiswahili bila kuandika neno moja la Kiswahili juu yake. Lugha yetu hapo haina utata. Huwaka. Haiwaki. Tofauti imekaa mwanzoni kabisa, na hata mtoto wa miaka miwili haikosei. Baba Mdogo ni mtu mzito kuomba radhi, lakini baada ya chai alimwita Karani amsaidie kufunga bandeji upya, na hilo mtoto alilielewa.

Tungeishia hapo, lakini kopo lilikuwa bado lipo. Tina yake nyingi ilitumika siku mbili baadaye, barazani, na fundi mwenyewe, jiko likiwa limezimwa tangu usiku. Fundi alibadilisha mguu wa kabati, akachonga mlango mpya, akapaka vanishi. Kopo likabaki tupu, na kopo la bati la lita nne katika nyumba ya Mama halitupwi. Dada alilitaka. Alitaka fundi bati alikate amtengenezee jiko dogo la kuchomea udi siku ya harusi. Akampa Karani alipeleke.

Mama Bukavu akasimama mlangoni tena. "Ile kopo bado iko na ubaya."

"Ni tupu," akasema Dada, akalitingisha kumwonyesha.

Safari hii hakuna aliyebishana. Karani aliweka mkono juu ya kifuniko akasema atamuuliza fundi kwanza. Na fundi bati, mzee ambaye Kiingereza hajakisoma kabisa, alinusa mdomo wa kopo, akakirudisha kichwa nyuma, akasema, "Hili lina pumzi." Akalijaza maji mpaka yakafurika, akayamwaga, akalijaza tena, akaliacha lilale hivyo usiku kucha. Hakuligusa kwa patasi wala kwa chuma cha moto cha kulehemu mpaka kesho yake.

Niliposikia nikamkumbuka Benjamin Lee Whorf. Wanafunzi wa isimu wanamjua Mmarekani huyu kwa maandishi yake juu ya lugha na fikra. Lakini alisomea uhandisi wa kemia, na tangu 1919 mpaka alipofariki 1941 alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya bima ya moto huko Hartford, akichunguza majengo na sababu za mioto. Aliona jambo hili: penye mapipa yaliyojaa petroli watu hujihadhari sana, na penye mapipa matupu huvuta sigara. Ilhali pipa tupu limejaa mvuke, na ndilo linaloweza kuua kwa urahisi zaidi. Neno "tupu" lilikuwa limewaambia kwamba hakuna kitu. Whorf alikuwa anazungumzia Kiingereza cha watu wenye Kiingereza chao, lakini Dada alilitingisha kopo kwa Kiswahili safi na akasema lilelile. Basi hata lugha yetu ina mahali inapotuacha, na mzee wa bati alikuwa na neno bora kuliko letu sote.

Mama alisikiliza yote haya kutoka kitandani kwake, kisha akatoa amri. Kila kopo na chupa ya nyumba hii iandikwe upya kwa Kiswahili. Mafuta ya taa, dawa ya mbu, spiriti, dawa ya kusafishia choo, rangi iliyobaki. Karani akaja na kalamu nzito. Kwenye mafuta ya taa akaandika HUWAKA. Mama akamwuliza ameandika nini, akamsomea.

"Hapana," akasema Mama. "Huwaka ni habari yake. Mimi nataka kujua mimi nifanye nini. Andika: USILETE MOTO."

Akaandika. Mama akataka na picha pia, kwa ajili yake mwenyewe, kwani macho yake hayasomi tena. Karani akachora mwali kama ule wa kemia, na juu yake mstari wa kukata. Mama akaushika karibu na uso, akasema mwali umekuwa mfupi, unafanana na jani. Ukachorwa tena.

Harusi ilifanyika Jumamosi. Kabati lilikwenda Mbagala juu ya Kirikuu, milango imefungwa kwa kamba, mlango mpya rangi yake ikiwa imepauka kidogo kuliko mwenzake. Fundi seremala alipokuja kuchukua malipo yake ya mwisho aliyaona makopo yetu yamepangwa chini ya upenu. Akayatazama moja moja. Akauliza nani ameandika, akaitiwa Karani, na wakakubaliana bei. Jumapili yote mtoto alishinda karakana ya fundi na kalamu yake, anaandika tina, sila, gundi, petroli ya kuoshea brashi, na kila alipofika kwenye neno la Kiingereza asilolijua alikwenda nalo kwanza kwa Mama Bukavu, kisha kwenye kamusi, ndipo akaandika.